Debian 12 na kanda za DDS-3: uzoefu wangu kutoka Nasser Road

Duka moja la uchapishaji la Nasser Road, hapa Kampala, lilinikabidhi boksi la kanda za DDS-3, yaani kanda ndogo za sumaku za kuhifadhia data ya kompyuta, zilizoandikwa enzi za Windows NT na 2000. Ndani yake mna vyeti, kalenda, vitabu vya risiti na nembo za wateja ambao mpaka leo hurudi na kusema, "nitolee ile ile ya zamani." Mwenye duka, mzee wa Arua ambaye mimi naye tunaelewana kwa Kiswahili, aliniambia: "Kijana, mashine ya kanda ni nzima. Kompyuta za siku hizi ndizo zinaikataa." Nami nikamjibu, "Mzee, tutatafuta isiyokataa."

Windows niliiweka kando mapema. Ilikuwa na ntbackup, programu ya nakala za akiba, iliyosoma na kuandika kanda tangu NT hadi XP na Server 2003. Kuanzia Vista programu hiyo ikatoweka, na Windows Server Backup iliyokuja na Server 2008 haiandiki kwenye kanda kabisa. Hata draiva ikipatikana, unabaki na mashine iliyowaka na huna cha kuiambia, mpaka ununue programu ya pembeni. Kwa duka dogo, kuchora nembo upya ni nafuu kuliko hiyo.

Basi nikachukua Pentium 4 iliyokuwa stoo, nikachomeka kadi ya SCSI (njia ya zamani ya kuunganisha vifaa na kompyuta) ya Adaptec AHA-2940 na mashine ya kanda ya HP C1537A, kisha nikaweka Debian 12, mfumo wa familia ya Linux, ya biti 32. Hapa lazima nisifu. Sikutafuta draiva yoyote. Keneli, yaani kiini cha mfumo, iliitambua kadi kwa moduli (draiva yake ya ndani) ya aic7xxx, ikaitambua mashine kwa moduli ya st, na lsscsi, amri ya kuorodhesha vifaa vya SCSI, ikaonyesha vyote viwili. Kadi hiyo ni ya miaka ya tisini, na mfumo ni wa mwaka 2023! Nilichoongeza ni pakiti za lsscsi na mt-st (yenye amri ya mt ya kuongoza kanda) tu.

Anayeanza ajue hili: kifaa kinakuja kwa majina mawili. Ukitumia /dev/st0, kanda inarudishwa mwanzo kila amri inapomaliza. Ukitumia /dev/nst0, inabaki pale ilipofika. Kanda za ntbackup huwa na nakala kadhaa zilizofuatana, kwa hiyo kwa st0 utaisoma ya kwanza tu milele. Amri ya mt -f /dev/nst0 status ilinipa msimbo 0x25, yaani DDS-3, nikajua kwamba vichwa vinasoma.

Kikwazo cha kweli ni ukubwa wa bloku, yaani kipande cha data kinachoandikwa kwa mkupuo mmoja. Hujui aliyeandika kanda alitumia bloku gani, hivyo dawa ni mt setblk 0 (kukubali bloku ya ukubwa wowote), halafu dd, amri ya kunakili data ghafi, yenye bs (ukubwa wa bloku ya kusoma) kubwa, 64k au zaidi. Ukiweka bs ndogo kuliko bloku iliyo kwenye kanda, dd inalalamika kwamba imekosa kumbukumbu, na mtu anaweza kukimbilia kununua RAM bure. Ujumbe huo ni wa hovyo, na miaka yote hii hakuna aliyeubadilisha. Baada ya kupata faili ghafi kwenye diski, umbizo lenyewe ni MTF la Microsoft, ambalo tar, programu ya kawaida ya Linux ya kufungua nakala, hailielewi. Programu ndogo ya mtftar inaligeuza kuwa umbizo la tar, na mafaili yanatoka na majina yake.

Kasi? Kanda ya DDS-3 inabeba GB 12 bila kubana, na mashine hii inasoma kama MB 1 kwa sekunde. Iliyojaa inakula zaidi ya saa tatu. Kwa umeme wetu, usianze bila UPS, kwa sababu ukikatika katikati unarudi mwanzo wa kanda.

Mfumo wa uendeshaji ulikuwa sehemu rahisi. Kebo ya pini 50 na taminata ya kufunga mwisho wa mnyororo ndivyo vilivyonisumbua. Mafundi wengi vijana mjini hawajawahi kuviona, na bila taminata mashine inaonekana leo na kesho haipo. Kanda ya kusafishia vichwa nayo itafute kabla ya kuingiza kanda yenye mali.

Linux nayo isisifiwe kupita kiasi. Wenye kanda za QIC-80, zile zilizotumia kebo ya flopi, draiva yao ya ftape iliondolewa katika keneli 2.6.20, mwaka 2007. Na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haitoi tena keneli wala kisakinishi cha biti 32, hivyo Pentium 4 yangu imefika kituo cha mwisho. Kwangu si tatizo: nimeitoa kwenye intaneti, na kazi yake ni kusoma tu. Kuandika nakala mpya kwenye DDS mwaka huu ni kujitafutia kesi, hata kama mfumo unaruhusu.

Mwenye boksi kama hili, kabla ya kuhangaika na SCSI aulizie kwanza mashine ya DAT 72 ya USB, kizazi cha baadaye cha mashine hizi. Inasoma DDS-3 na DDS-4, inaonekana kama st0 ile ile, na inachomekwa kwenye kompyuta ya kawaida ya biti 64. DAT 160 aiache kama kanda zake ni DDS-3, maana haizisomi. Kwa usomaji wa kanda naipa Debian 12 alama tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa ujumbe ule wa kumbukumbu.