Mafunzo ya Mahusiano Skulini kwa Walimu Wakuu, Chake Chake: Tathmini ya Mshiriki

Mafunzo yanayoletwa kwa walimu wakuu wa Pemba kwa kawaida huwa ya aina moja: kuandaa mpango wa maendeleo ya skuli, kuweka hesabu za ruzuku, kujaza ripoti. Ni mambo ya lazima na hayakwepeki. Niliposikia kuwa Chake Chake yanafanyika mafunzo ya mwisho wa wiki yanayohusu mahusiano baina ya mwalimu mkuu, walimu, wanafunzi na wazee, nilijiandikisha nikiwa na shaka, kwani kwetu jambo hili huhesabiwa kuwa ni tabia ya mtu aliyojaaliwa au aliyonyimwa, na wala si somo la kukalia ukumbini. Mimi ni mwalimu mkuu msaidizi wa skuli ya msingi ya Serikali yenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na naandika kwa ajili ya wenzangu wanaofikiria kutoa ada yao.

Zoezi la kwanza lilitosha kuninyamazisha. Mkufunzi alitutaka tuchague darasa moja tunalolifundisha, tuandike majina ya wanafunzi tunaowakumbuka, kisha mbele ya kila jina tuandike jambo moja tunalolijua kuhusu mtoto huyo ambalo halihusiani na alama zake. Ukumbi mzima ulianza kwa kasi na baada ya muda mfupi kalamu zikasimama. Wale wa mbele, hodari wa kujibu, tuliwajaza karatasi bila taabu, na watundu pia tuliwajua vizuri, pengine kupita kiasi. Waliokosekana ni wale wa katikati, watulivu, ambao hawamsumbui ticha na ticha hawasumbui. Mkufunzi hakutoa hotuba juu ya hilo. Alituambia tu tuondoke na karatasi zile, na Jumatatu tuanze na majina yaliyobaki wazi.

Sehemu iliyonifaa zaidi ilikuwa ya kuigiza mazungumzo na mzazi. Mshiriki mmoja alikaa kama mvuvi ambaye mwanawe wa darasa la tano hutoweka skuli kwa siku kadhaa, na mwengine akawa mwalimu mkuu aliyemfuata nyumbani. Mwalimu mkuu alipiga hodi, akasalimu, na mara akauliza, “Mbona mtoto haji skuli?” Mvuvi akajibu, “Anaumwa,” na mazungumzo yakaishia hapo. Mkufunzi akawataka warudie, safari hii mwalimu akae barazani kwanza. “Sabalkheri, mzee. Bahari inasemaje siku hizi?” Mvuvi akaeleza kuwa samaki wapo, lakini mikono ya kazi ni haba, na kwamba kijana humfuata dago, yaani kambi ya wavuvi, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na kurudi maji yakiwa mafu. Kumbe utoro ule ulikuwa na ratiba. Bamvua huja kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu, kwa hiyo skuli inaweza kujua mapema ni siku zipi mtoto atakosa, ikampangia masomo ya kufidia na kumwekea baba ahadi ambayo wote wawili wanaweza kuitimiza, huku mazungumzo ya kumwacha kijana abaki skuli moja kwa moja yakiendelea. Yeyote aliyefundisha Kojani au Micheweni anajua kuwa huo si mchezo wa kuigiza tu, na kwamba msimu wa karafuu nao una habari kama hiyo.

Kwa upande wa nadharia tulielezwa kwa ufupi utafiti wa Anthony Bryk na Barbara Schneider, uliofuatilia skuli za msingi za Chicago, Marekani, katika miaka ya 1990. Waligundua kuwa skuli ambazo watu wake waliaminiana sana zilikuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kuendelea katika hisabati na kusoma, ilhali zile zenye kuaminiana kidogo zilikuwa na nafasi moja kati ya saba. Watafiti hao walijenga imani hiyo juu ya nguzo nne: heshima, kumjali mwenzako, umahiri wa kazi na uadilifu. Mkufunzi alikaa sana kwenye mbili za mwanzo, na kwa maoni yangu alikosea mizani. Mwalimu mkuu mpole, mwenye kuulizia wagonjwa na kuhudhuria kila maziko, lakini ambaye ratiba yake ya vipindi hugongana kila wiki, hupendwa bila ya kuaminiwa, na walimu hulijua hilo kabla ya wazee.

Kasoro nyengine ni nzito zaidi. Mafunzo yote yalichukulia kuwa mwalimu mkuu ana saa za kuzungumza na watu. Skuli za ghorofa zilizojengwa miaka ya karibuni zimepunguza msongamano kwa baadhi yetu, lakini kwenye skuli ya mikondo miwili walimu wa asubuhi na wa mchana hupishana mlangoni, wale wakiwahi gari za shamba na hawa wakiingia darasani, na kikao cha pamoja huwa ni cha kusimama. Niliuliza swali hilo na nikajibiwa kuwa “wakati hutafutwa”. Hatukugusia kabisa hali ya mwalimu aliyepangiwa Pemba huku familia yake iko Unguja, ambaye mawazo yake kila Ijumaa yako kwenye boti. Suala la bakora lilipitiwa juu juu, ingawa sioni vipi mtu atafundishwa kumsikiliza mtoto bila ya kuambiwa waziwazi aiweke wapi fimbo iliyo juu ya meza yake.

Kijitabu tulichopewa kimefasiriwa kivivu na picha zake ni za madarasa ya mbali yenye viti vya mtu mmoja mmoja. Mwishoni tulipewa fomu ya kurasa kadhaa ya “kupima mahusiano”. Yangu bado iko kwenye mkoba. Chakula kilikuwa kizuri. Nauli iliyoahidiwa ilichelewa, na waandaaji hawakupokea simu kwa urahisi.

Hata hivyo ada nisingeidai irudishwe. Mwalimu mkuu mpya, au mwalimu anayetarajia kupewa skuli, atapata hapa mambo ambayo chuoni hakufundishwa. Aliyekaa kwenye kiti hicho muda mrefu anaweza kuchagua siku ya mazoezi peke yake, kwani waandaaji hukubali hivyo ukiwaambia mapema. Anayetoka skuli ya mikondo miwili aje na msaidizi wake wa mkondo wa pili, na suala la nauli walipate kwa maandishi kabla ya kuondoka nyumbani.