Kidonge cha TLD: kizuri, ila angalia unakimeza pamoja na nini

TLD ni kidonge kimoja cha kupunguza makali ya VVU kilichobeba dawa tatu, yaani tenofovir miligramu 300, lamivudine miligramu 300 na dolutegravir miligramu 50, na ndicho wengi wetu tunaohudhuria kliniki za CTC, yaani za huduma na tiba kwa wenye VVU, hapa Tanzania tunachopewa siku hizi. Nilihamishiwa huku kutoka TLE, kile cha zamani chenye efavirenz, kwa hiyo ninayoyaandika ni ya mtu aliyeishi na vyote viwili.

Kwa starehe ya kila siku, havilingani. TLE ilitulazimu kumeza wakati wa kulala, maana kizunguzungu na ndoto za ajabu vilikuwa sehemu ya maisha. TLD humezwa saa yoyote, mradi iwe ileile kila siku, umekula au hujala. Wiki za mwanzo baadhi ya watu hupata maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kuharisha, na mara nyingi hali hiyo hupita. Anayekosa usingizi kwa kawaida hushauriwa kuhamishia dozi asubuhi, nami nilipofanya hivyo nilianza kulala vizuri.

Lawama yangu kubwa si kwa kidonge bali kwa dirisha la dawa. Katika kituo ninachochukulia dawa, unakabidhiwa kopo la miezi mitatu, unaambiwa tarehe ya kurudi, basi. Hakuna anayekuuliza kama una kiungulia. Ilhali vile vidonge vyeupe vya kutafuna vyenye magnesiamu na alumini, vinavyouzwa katika kila duka la dawa muhimu bila cheti, hushikana na dolutegravir tumboni na kuizuia isiingie mwilini ipasavyo. Mtu anaweza kumeza TLD kila siku bila kukosa, akashangaa kipimo cha wingi wa virusi kinarudi kibaya. Utaratibu ni kumeza TLD saa mbili kabla ya dawa hizo, au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu ambavyo wajawazito hupewa kliniki, pamoja na vile vya kalsiamu, vina tatizo hilohilo, isipokuwa hivi vinaweza kumezwa pamoja na TLD iwapo unavimeza na chakula. Kwa dawa za kiungulia chakula hakisaidii.

Mwenye kisukari anayetumia metformini naye aseme mapema, kwa sababu dolutegravir huipandisha metformini katika damu, na kwa kawaida daktari huhakikisha haizidi miligramu 1000 kwa siku. Anayeanza tiba ya kifua kikuu yenye rifampisini huongezewa kidonge cha pili cha dolutegravir, kinachomezwa saa 12 baada ya TLD, na akikikosa aulize palepale. Baadhi ya dawa za kifafa pia hupunguza nguvu ya kidonge hiki, hivyo zitajwe.

Kuhusu uzito, manung'uniko yana msingi. Utafiti wa ADVANCE uliofanyika Afrika Kusini ulionyesha kuwa waliotumia dolutegravir waliongezeka uzito kuliko waliotumia efavirenz, na wanawake waliongezeka zaidi. Mimi mwenyewe nimebadilisha mkanda. Si sababu ya kuacha dawa, lakini ni sababu ya kupimwa uzito na sukari, hasa ukiona kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara. Tenofovir inaweza kuumiza figo, hivyo kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, kisirukwe. Kikipanda kidogo mwanzoni usitaharuki, kwani dolutegravir hukipandisha bila kuharibu figo, na ni juu ya daktari kutofautisha. Upele unaoambatana na homa, uso kuvimba au macho kuwa ya manjano ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Hofu ya wajawazito kuhusu dolutegravir ilitokana na taarifa za Botswana za mwaka 2018 kuhusu kasoro za uti wa mgongo kwa watoto. Takwimu zilipoongezeka, tofauti hiyo ilififia, na tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza dolutegravir kwa wanawake pia, wakiwemo wanaotarajia kupata mimba.

Ukisahau dozi, meza mara unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki chini ya saa nne kufikia dozi inayofuata; hapo subiri, wala usimeze viwili. Kuacha ghafla kuna hatari zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B, kwa kuwa tenofovir na lamivudine huidhibiti pia, na zikikatizwa ini linaweza kushambuliwa vikali.

Vidonge vinapobaki vichache, kopo hupiga kelele kwenye mkoba kiasi cha kumtia mtu aibu ndani ya daladala, na ndiyo maana wengi huvimwaga kwenye mfuko wa plastiki. Huko hukosa kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, ambacho kinapaswa kubaki ndani ya kopo. Pamba safi kidogo juu ya vidonge hunyamazisha kelele, ingawa watengenezaji wangeweza kutuwekea wao wenyewe.