Vyumba Ipagala, tovuti Dar: miaka miwili na kampuni yangu ya pili ya kuhosti

Nina nyumba ya wageni ya vyumba tisa hapa Ipagala. Anayeijua Dodoma anajua mwezi wa nne kwetu ni mwezi gani: Bunge la bajeti linaanza, na mpaka Juni iishe vyumba vinagombewa.

Tovuti yangu ilichagua wiki ile ile ya Bunge kuanza kuzimika. Dereva mmoja wa wizara, mgeni wangu wa kila mwaka, akanipigia: "Mama, mmefunga?" Nikaifungua kwenye simu, nikakuta ukurasa mweupe na tangazo kwamba akaunti imesimamishwa. Na kampuni yangu ya kwanza ya kuhosti, yaani ya kuiweka tovuti kwenye seva (kompyuta zake zinazowaka muda wote), nilishailipa mwaka mzima, shilingi 45,000, kifurushi cha "bila kikomo". Kumbe kikomo kipo, ila si cha ukubwa, ni cha idadi ya mafaili, na kila baruapepe moja inahesabiwa faili. Sanduku langu la oda lilikuwa na barua za miaka minne za watu waliotaka kunirithisha mamilioni. Sikuwahi kuzifuta. Ndizo zilizonifungia biashara.

Siku sita. Tiketi yangu, yaani ombi la msaada, ilijibiwa siku ya tatu, na aliyejibu ni mashine.

Nilipoamua kuhama nikakutana na la pili. Domeini, yaani anwani ya tovuti, ile ya .co.tz niliyoiita yangu ilikuwa imesajiliwa kwa jina la kijana aliyenitengenezea tovuti, kwa baruapepe yake, naye alishahamia Mwanza. Hakuwa na nia mbaya, aliona ananipunguzia usumbufu. Lakini bila idhini yake singeweza kuigusa. Wiki tatu za kupigiana simu. Sisi wa Dodoma, eneo la Chako ni Chako tunalijua kwa kuku. Mimi maana yake nimefundishwa na domeini.

Safari hii sikuangalia bei kwanza. Jumapili saa tatu usiku niliziandikia kampuni tatu swali moja: nikitaka kuwahama, naondokaje na mafaili yangu? Moja ikanitumia orodha ya bei. Moja haijajibu mpaka leo. Ya tatu, yenye seva zake Dar, ilijibu saa tatu na dakika arobaini: ingia kwenye paneli (ukurasa wa kusimamia tovuti), bonyeza bakapu (nakala ya akiba), pakua faili moja, na domeini tunaiandika kwa jina lako tangu mwanzo. Nikalipa kwa simu kesho yake asubuhi. Jina lake nimeliacha makusudi, maana hata ile ya kwanza watu walinisifia. Bora uwatumie swali hilo mwenyewe.

Nalipa 120,000 kwa mwaka, na bei ya kulipia tena ni hiyo hiyo. Hilo uliza kabla, kwa sababu punguzo kubwa mara nyingi ni la mwaka wa kwanza tu. Cheti cha usalama, kile kikufuli cha kwenye anwani, ni bure. Wengine bado wanakiuza wakati shirika la Let's Encrypt linakitoa bila malipo.

Wanaahidi tovuti itakuwa hewani asilimia 99.9 ya muda. Nilipiga hesabu: hiyo ni kama saa nane na dakika arobaini na tano za kuwa chini kwa mwaka, na ahadi haijavunjwa. Mwaka jana ilizimika mara mbili. Moja ilikuwa usiku wa manane, sikuijua mpaka waliponiandikia wenyewe.

Faida ya seva kuwa karibu niliiona Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Mitandao ya nje ilikuwa inazunguka tu. Ukurasa wangu ulifunguka, kwa kujikongoja, picha za vyumba zikaonekana. Ramani ndiyo iligoma, kwa sababu yenyewe inatoka nje. Tangu siku hiyo nimeandika maelekezo kwa maneno chini ya ramani, na wageni wengine wanasema ndiyo wanayoyafuata.

Kasoro wanazo. Paneli yote ni ya Kiingereza, dada wa mapokezi ananiita kila akitaka kubadili bei. Na baruapepe zetu kwenda kwa wageni wa ofisini zilikuwa zinaangukia kwenye takataka miezi miwili ya mwanzo. Nilisukumana nao mara nne ndipo wakarekebisha.

Bakapu wanachukua kila usiku, lakini siwaachii peke yao. Machi 2021 kituo cha seva cha OVH, kampuni kubwa ya kuhosti, kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wako wateja waliopoteza kila kitu kwa kuwa bakapu zao zilikuwa hapo hapo. Kwa hiyo kila tarehe mosi nangoja bando la usiku, napakua lile faili, la mwisho lilikuwa MB 340, naliweka kwenye flashi mbili. Moja inakaa droo ya mapokezi pamoja na funguo za akiba. Nyingine namtumia mdogo wangu Kondoa kwa basi, naye hunirudishia ya mwezi uliopita ndani ya mfuko wa karanga.