Alaimenti ya gari ya chini: mzee aliyeanza na matairi ya nyuma

Gari yangu ni Subaru Impreza wagon ya 2005. Niliinunua kwa kijana mmoja wa Sinza ikiwa tayari imeshushwa kwa springi fupi, na rimu za inchi 17. Naipenda ikiwa pale chini, inavyokaa barabarani na inavyokata kona, na sina mpango wa kuirudisha juu. Ila gari ya chini bila alaimenti ya kweli, yaani kupima na kunyoosha jinsi magurudumu yanavyokaa, inamaliza hela, na hilo nimelijua kwa kulilipia.

Mwezi wa pili nilikuwa narudi kutoka Morogoro kumsalimia mama. Nilipofika Mlandizi nikaanza kusikia mvumo kutoka nyuma, unapanda na mwendo. Nikadhani ni beringi. Nikaingia kituo cha mafuta, nikapiga goti, nikapitisha kiganja kwenye tairi la nyuma kulia. Upande wa nje lilikuwa zima, hata vile vinywele vya mpira mpya havijaisha vyote. Nilipoingiza vidole upande wa ndani nikashika waya. Tairi la miezi mitano! La kushoto nalo lilikuwa njiani kufika hukohuko. Niliendesha mpaka Kinyerezi kwa kilomita 60 kwa saa, taa za hazadi zinawaka, moyo uko mkononi.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba siku niliyofunga matairi yale nilifanya alaimenti, mahali pengine kabisa, pana mashine nzuri na kiyoyozi. Nikalipa, nikapewa karatasi, nikaitupa kwenye dashibodi. Usiku ule niliitafuta. Mbele namba zote za kijani. Nyuma zote nyekundu, kushoto na kulia, na hakuna aliyefungua mdomo kuniambia. Walinyoosha usukani, wakanikabidhi funguo. Kwa Subaru inayovuta kwa magurudumu yote manne huwezi kufunga mawili mapya ukaacha mawili yaliyolika, maana mizunguko ikipishana mfumo wa katikati unaogawa nguvu ndio unaoumia. Nikanunua manne, 760,000 imekwenda.

Safari hii nikaulizia kwa wenye gari za chini. Watatu tofauti wakanielekeza sehemu moja Tabata: uwanja wa kokoto wenye mwarubaini, kontena la bluu, na bango la mkono lisilo na jina la biashara, limeandikwa tu alaimenti na balansi. Nilifika Jumamosi saa mbili asubuhi, tayari kuna gari tatu mbele yangu.

Mwenye pale ni mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu hakugusa mashine hata kidogo. Alianza kuuliza. Springi zimefungwa lini? Napakia watu wangapi siku nyingi? Mafuta yako kiasi gani kwenye tenki? Nilidhani ni mazungumzo tu ya kupokea mteja, kumbe kila swali lina kazi yake. Springi mpya huzama kidogo zikishatembea, kwa hiyo ukipima siku uliyozifunga, baada ya wiki mbili vipimo vimeshahama. Na gari inatakiwa ipimwe ikiwa na uzito inaotembea nao kila siku.

Kisha akapima upepo. Tairi moja lilikuwa na 38, jingine 29. Akayaweka yote 33. Akaamuru gari inyanyuliwe, akalishika tairi la mbele kulia kwa mikono miwili, kushoto na kulia, akalitikisa. Likalia ko-ko. "Mwanangu, tairodi endi hii imekufa," akaniambia, yaani kile kiungo kinachounganisha usukani na gurudumu. "Nikikupimia hivi nakula hela yako bure, kesho namba zimehama." Akaniita nije niishike mwenyewe, na kweli ilikuwa inacheza. Nikapanda bodaboda mpaka Ilala, nikanunua kwa 35,000, wakanifungia kwa 10,000.

Kupanda kwenye daraja la kupimia ndipo pana shida kwa gari kama yangu. Vijana wake waliweka mbao mbili mbele ya njia ili bampa lisigonge. Ubao mmoja ulikuwa umechoka, ukapasuka, gari ikashuka kwa ghafla na ekzozi ikakwaruza. Haikutoboka, lakini nilisikia ule mlio tumboni. Niliwaambia, na naandika hapa pia: gari za chini ndizo zinazowaletea wateja, watafute njia ndefu za chuma.

Walipofunga vile vibao vya kamera kwenye kila rimu na kuisukuma gari nyuma na mbele, namba zikatokea kwenye kioo. Hapa ndipo mzee alipotumia muda wake, na ndipo mimi nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nakisikia vibaya miaka yote. Matairi ya nyuma yalikuwa yamelala kwa ndani, kushoto nyuzi 2.6 na kulia 2.1. Huo mlalo ndio mafundi wanaita kemba, na ndio kila mtu anaulaumu gari ikishushwa. Mzee akaweka kidole kwenye namba nyingine, ya too, yaani jinsi tairi linavyotazama ukiliangalia kutoka juu. Matairi yangu ya nyuma yalikuwa yanatazama nje, jumla milimita 7. "Kulala kunachagua sehemu gani iliwe," akasema. "Hii ya kutazama kando ndiyo inayokula."

Fikiria mtu anayetembea huku mguu mmoja ameupinda nje. Kila hatua kandambili inaburuzika kidogo, na soli inaisha upande mmoja wakati mwingine bado una chapa ya kiwanda. Tairi linalotazama kando haliviringiki tu, linaburuzwa, siku nzima, Kinyerezi hadi mjini na kurudi. Ukiongeza kwamba limelala kwa ndani, mburuzo wote unaangukia kwenye ukingo wa ndani, ule usiouona ukiwa umesimama. Springi zikishushwa, mikono inayoshika gurudumu inabadilisha pembe, na too inahama pamoja nayo. Ndiyo maana gari iliyoshushwa haiwezi kufanyiwa mbele peke yake.

Bolti za kurekebishia nyuma zilikuwa zimeshikwa na kutu, na kwa hewa ya chumvi ya Dar sishangai. Hawakukimbilia nyundo. Walipuliza mafuta, wakasubiri kama dakika ishirini, wakapuliza tena, kisha spana mbili, moja imeongezewa bomba refu. Ya kulia ilipoachia ilitoa mlio kama wa mti unaokatika. Nilichuchumaa chini ya daraja nikitazama kile kichwa cha bolti chenye mviringo usio na katikati sawa. Kijana anakizungusha kiasi cha ukucha, na juu kwenye kioo namba inatoka 3.5 inakuja 2, inakuja 1, mpaka nyekundu ikawa kijani. Baada ya hapo mzee alikataa nati zisikazwe mpaka gari ikae kwa uzito wake, akisema ukikaza bushi, zile mpira za kwenye viungo, huku mguu unaning'inia, gari ikishuka inazikamua mpaka zinachanika. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo.

Mlalo wa nyuma haukurekebishika, na aliniambia bila kuzunguka. Kwa Impreza hii kiwanda hakikuweka sehemu ya kusogeza kemba ya nyuma. Unahitaji mikono inayorefushwa. Angeweza kuniuzia ahadi, hakufanya hivyo. Mbele upo uwezo kupitia bolti ya juu ya shokapu, na huko akayaweka matairi yote mawili kwenye nyuzi 1.3, sawa kwa sawa. Too ya mbele ikawa sifuri, ya nyuma yakatazama ndani milimita moja kila upande.

Akaijaribu mwenyewe Barabara ya Mandela, mimi nimekaa pembeni. Akaachia usukani sekunde chache sehemu iliyonyooka, gari ikaenda sawa, ila usukani umeinama kulia kidogo mno, mimi nisingeuona. Tukarudi, ikapandishwa tena. Kazi ilichukua masaa mawili na dakika arobaini kwa jumla, 60,000 kwa magurudumu yote manne, na karatasi mbili mkononi: ya kabla na ya baada.

Ubaya mwingine ni foleni. Hawapokei miadi, na Jumamosi unaweza kukaa mpaka mchana kwenye benchi moja la watu wanne. Choo ni cha kuomba kwa jirani. Risiti niliidai mara mbili ndipo nikaipata.

Nimeshatembea kilomita 2,900 tangu siku ile, safari tatu za Morogoro ndani yake, pamoja na zile rasta zote za njiani. Jana nilipima kina cha matairi ya nyuma: ndani milimita 6.5, nje 6.8. Mvumo haupo, na mama hana tena haja ya kupaza sauti tukiwa njiani. Mzee amenipa agizo nirudi kilomita 5,000 zikifika, au hata kesho nikipiga shimo kubwa. Nimeanza kuweka hela ya ile mikono ya nyuma, na siku nikiipata nitaifungia palepale chini ya mwarubaini.