M1903 Springfield na M1 Garand: ipi ilimfaa zaidi askari?

Bunduki hizi mbili za jeshi la Marekani zilitumia risasi ileile, .30-06, na zote zilitoka kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts. Tofauti iko kwenye mkono wa askari.

M1903 hubeba risasi tano. Kila baada ya kufyatua, askari huvuta kwa mkono komeo, yaani kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ganda litoke, kisha hulisukuma komeo hilo ili risasi mpya iingie. Mtindo huo ulifuata Mauser ya Ujerumani kwa karibu mno, hata Marekani ikalazimika kuilipa kampuni hiyo.

Garand, iliyopokewa jeshini mwaka 1936, huifanya kazi hiyo yenyewe. Sehemu ya gesi ya baruti huchepushwa karibu na mdomo wa mtutu, ikasukuma fimbo inayorudisha komeo nyuma. Askari hubaki amelenga, akifyatua mara nane. Risasi ya mwisho ikitoka, klipu, yaani kishikizo cha chuma kilichobeba risasi hizo nane, huruka nje kwa mlio mkali. Mbunifu wake, John Garand, mzaliwa wa Kanada, aliiachia serikali haki za ubunifu wake. Kwangu hilo linastahili heshima kubwa.

Garand ni nzito zaidi, zaidi ya kilo 4, na kwa kuwa hujazwa kwa juu, darubini ililazimika kufungwa pembeni. Kwa wadunguaji, M1903 iliendelea kufaa. Kwa askari wa kawaida aliyekabiliwa na maadui wengi kwa pamoja, mimi nachagua Garand bila kusita.