Bedsita za Njoro au nyumba za familia Kiamunyi?

Kwa kiwanja kile kile, bedsita (chumba kimoja chenye jiko na choo chake) huingiza kodi ya nyumba kubwa zaidi. Karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kaunti ya Nakuru, Kenya, wapangaji hawakosi, ila chuo kikifungwa au wahadhiri wakigoma, vyumba hubaki vitupu na mkopo wa benki haungoji. Tena kila anayehama anakuachia kazi: rangi, kitasa, choo kilichoziba. Familia ya Kiamunyi, mtaa wa Nakuru, hukaa miaka, mradi maji yapo, kwa hiyo tenga pesa za tangi kubwa kabla ya vigae vya urembo. Ushuru ni ule ule: asilimia 7.5 ya kodi yote unayolipwa na wapangaji, bila kutoa gharama, ukipata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Una mkopo na unaishi mbali? Tafuta familia. Unakaa Njoro na utasimamia mwenyewe? Jenga bedsita.