Mikopo ya asilimia 10 kwa kinamama: nawapa nyota tatu

Wale mnaoulizana kuhusu mkopo wa halmashauri ngoja niwape ya kwetu, sisi kikundi cha kubangua korosho huku Mtwara vijijini na tumeshaupata. Kwanza niseme ukweli, riba hakuna kabisa, we linganisha na wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, ukichelewa rejesho wanabeba mpaka godoro. Halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kinamama, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Makaratasi yanachosha, katiba, muhtasari, andiko la mradi, kitambulisho cha NIDA, afu maombi yanapita kwenye mfumo na mtandao wa huku mnaujua. Ila afisa maendeleo wa kata yetu ni mtu kweli, alikaa nasi mpaka andiko likakaa sawa.

Sasa nyota mbili nimezikata kwa nini. Hela ikishaingia wanachokumbuka ni marejesho tu, nyumbani kwako kukoje hakuna anayeuliza. Mwenzetu mmoja alikabidhiwa hela akanunue vifungashio, usiku mume akaitaka, akakataa, akapigwa na hela ikaenda. Asubuhi kaja kubangua jicho limefunga, vidole kavipaka jivu mafuta ya ganda yasimuunguze, anabangua kimya. Rejesho lilivyopungua tukaitwa ofisini kuhojiwa, na fomu yao haina pa kuandika jicho.

Na si yeye peke yake jamani. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta wanawake 27 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 49 wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe 15, kwahiyo kikundi cha watu kumi wawili watatu wamo, wanaotoa mikopo wanatakiwa walijue hilo kabla ya kutoa hata shilingi. Sheria ya Ndoa ya 1971 yenyewe inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake.

Msimu wa korosho nao ndo yale yale. Mama kapalilia, kaokota, kaanika, mzigo unaenda chama cha msingi cha ushirika, ukishapigwa mnada hela inaingia akaunti ya baba. 2024 minada ya mwanzo kilo ilipita 4,000, waulizeni kinamama walishika ngapi. Wengine baba kashauza kwa kangomba, wale walanguzi wanaonunua kienyeji nje ya mnada, maua bado yako juu, mama anaokota mali ya mtu bila kujua. Watu wa mbali wanasema kusini ukoo unafuata upande wa mama, sawa, ukoo ndio, ila namba ya siri ya akaunti anayo nani?

Sisi tulichofanya, hakuna tena mtu kulala na hela ya kikundi, muuzaji analipwa moja kwa moja toka akaunti ya kikundi. Na yule mwenzetu tulimsindikiza dawati la jinsia polisi, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, dada wa pale alimsikiliza pembeni vizuri bila ile ya nendeni mkayamalize nyumbani. Huyo dada angealikwa nusu saa tu siku ya semina ya mkopo, nyota zinapanda.

Mnaotaka kuomba anzeni mapema kabla msimu haujafunguliwa, na watia saini wa akaunti wawe wanakikundi wenyewe, asiingizwe mume wa mtu.